.com au .co.tz? Kwanza uliza jina limeandikishwa kwa nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie uamuzi ambao wafanyabiashara wetu wengi huufanya kwa dakika tano mezani kwa fundi wa tovuti, kisha wakakaa nao miaka: jina la tovuti liishie na .com, .co.tz au kitu kingine.

Ushauri unaozunguka mitaani ni wa namna mbili. Wapo wanaosema kampuni yenye hadhi lazima iwe .com na kwamba .co.tz ni ushamba. Wapo wanaohimiza .co.tz kwa sababu ya uzalendo. Sioni ushauri wowote kati ya hiyo unavyomsaidia mwenye duka la vipuri Kariakoo au mwenye nyumba ya wageni Paje. Maswali yenye maana ni haya: wateja wako wapi, na jina hilo limo katika daftari la nchi gani, likiwa limeandikwa kwa jina la nani. Msimamo wangu ni kwamba biashara inayouza ndani ya Tanzania iwe na .co.tz kama anwani kuu, inunue na .com ikipatikana, na ikae mbali na herufi za nchi za watu zinazouzwa kama fasheni. Lakini msimamo huo hauna kazi kama jina lenyewe limeandikishwa kwa fundi.

Herufi mbili za mwisho hazikubuniwa na kampuni za intaneti. Zimechukuliwa kwenye orodha ya kimataifa ya ISO 3166 inayoipa kila nchi herufi zake: tz, ke, ug, rw, bi, cd, om. Ndiyo maana kikoa chochote, yaani jina la tovuti kama jinalako.co.tz, kinachoishia na herufi mbili ni cha nchi, himaya au umoja wa nchi fulani, hata kiuzwe kwa maneno matamu namna gani. Vinavyoishia na herufi tatu na kuendelea, kama .com, .org na .africa, kwa kawaida si vya nchi yoyote. Zanzibar haina herufi zake yenyewe katika orodha hiyo, kwa hiyo hoteli ya Nungwi na duka la Mwanza hutumia .tz ileile. Kila kikoa cha nchi kina rajisi, yaani daftari kuu: ya .tz iko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na ya .ke iko KeNIC ya Kenya. Mteja wa kawaida hununua kwa msajili aliyeidhinishwa. Chini ya msajili kuna mawakala, na chini ya wakala ndipo alipo kijana anayekutengenezea tovuti. Mnyororo huo ndio chanzo cha matatizo mengi nitakayoyataja mbele.

Ndani ya .tz kuna mafungu. .co.tz ni ya biashara, .or.tz ni ya asasi zisizo za kibiashara, .ac.tz ni ya vyuo, .sc.tz ni ya shule, .go.tz ni ya Serikali peke yake, .ne.tz ni ya watoa huduma za mtandao, .me.tz ni ya mtu binafsi. Yapo pia .hotel.tz, .tv.tz, .info.tz na .mobi.tz, ambayo wengi hawajui hata kama yapo. Kosa linaloonekana sana ni kampuni ya ushauri kung'ang'ania .or.tz kwa kuwa eti inaaminika zaidi. Mteja anayejua tofauti hubaki akijiuliza kama anazungumza na biashara au na asasi inayosubiri wafadhili, na afisa manunuzi anayelinganisha anwani hiyo na leseni ya biashara naye atauliza. Mwenye hoteli, kwa upande wake, asiache jina lake likiwa wazi kwenye .hotel.tz. Alichukue, aliunganishe lipeleke wageni kwenye tovuti yake ya .co.tz, basi.

.co.tz ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji. Mteja akiandika kwa haraka akaishia kwenye .co, ameshatoka Tanzania, kwa sababu .co ni ya Colombia. Kwenye kivinjari ataona ukurasa wa mtu mwingine au ujumbe kwamba hakuna kitu, atajirekebisha. Kwenye barua pepe hatari ni kubwa zaidi. Ujumbe uliotumwa jinalako.co badala ya jinalako.co.tz unaweza kupokelewa kimyakimya na mwenye jina hilo, pamoja na viambatisho vyake: ankara, nakala ya pasipoti, orodha ya bei za jumla. Wakubwa pia yamewakuta. Julai 2023 gazeti la Financial Times la Uingereza liliripoti kwamba mamilioni ya barua pepe zilizokusudiwa jeshi la Marekani, ambalo anwani zake huishia .mil, zilikwenda .ml, kikoa cha Mali, kwa herufi moja tu iliyorukwa. Kwa hiyo kabla ya kuchapa kadi na kuandika ubavuni mwa gari, angalia jinalako.co na jinalako.com ni za nani. Zikiwa za mtu anayefanya biashara tofauti nchi ya mbali, unaweza kuendelea. Zikiwa za mshindani wako wa kazi ileile, badilisha jina mapema, maana kila tangazo utakalolipia litamwongezea na yeye wateja.

Nije kwenye fasheni. Studio za video hupenda .tv, vijana wa programu hupenda .io na sasa .ai, wengine .me na .ly. Hizi ni Tuvalu, Himaya ya Uingereza katika Bahari ya Hindi, Anguilla, Montenegro na Libya. Si haramu kuzitumia, na nyingine zimeendeshwa vizuri kwa miaka mingi. Shida ni kwamba umekuwa mpangaji katika nyumba ambayo mwenye nyumba humjui. Mwaka 2010 rajisi ya Libya ilifunga jina vb.ly, lililokuwa la huduma ya kufupisha viungo ya watu wa Marekani, kwa hoja kwamba maudhui yake yalikiuka sheria za Libya. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, wenye majina ya .eu waliobaki na anwani za Uingereza tu walisimamishiwa majina hayo Januari 1, 2021, na mwaka mmoja baadaye wakayapoteza kabisa. Walikuwa wamelipa ada zao vizuri. Kilichobadilika ni mpaka wa kisiasa.

Jirani zetu wa Kongo wana mfano wao. Zaire ilipobadilishwa jina mwaka 1997, herufi zr zilipoteza nchi. Kikaja .cd, na mwaka 2001 .zr ikaondolewa kwenye mfumo. Sasa macho yako kwa .io. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kukabidhi Visiwa vya Chagos, na visiwa hivyo ndivyo vinavyozipa herufi hizo uhai. Hakuna jina linalozimwa kesho asubuhi, kwa sababu utaratibu wa kustaafisha kikoa cha nchi huchukua miaka. Lakini mtu anayeanzisha kampuni leo Dar es Salaam ana sababu gani ya kujiingiza katika mjadala huo?

Majina ya bure ndiyo mabaya kuliko yote. Kwa miaka mingi kampuni ya Freenom iligawa bila malipo majina ya .tk, .ml, .ga, .cf na .gq, yaani Tokelau, Mali, Gabon, Afrika ya Kati na Guinea ya Ikweta. Wengi hawakusoma masharti: katika jina la bure, mwenye jina kisheria alikuwa Freenom, wewe ulipewa ruhusa ya kulitumia tu. Matapeli wakajazana humo hadi vichujio vya barua pepe vikaanza kuzishuku anwani hizo zote kwa pamoja. Kampuni ya Meta ikafungua kesi. Mwaka 2023 Gabon na Mali zikachukua vikoa vyao, na Februari 2024 Freenom ikatangaza kujitoa katika biashara ya majina. Aliyechapisha mabango yenye .ga au .ml hakuwa na mlango wa kugonga.

Kuhusu Google, nasikia ahadi nyingi zisizo na msingi. .co.tz haikupandishi juu. Kazi yake ni kuiambia Google kwamba ukurasa huu umekusudiwa watu wa Tanzania, kwa hiyo mtu aliyeko Morogoro akitafuta bei ya mabati, tovuti yako inahesabiwa kuwa ya hapa. Ukurasa ukiwa mzito, hauna bei wala anwani, utabaki chini palepale. Google huvihesabu baadhi ya vikoa vya nchi kama vya jumla kwa sababu dunia nzima imevigeuza matumizi: .tv, .me, .co, .io na .ai vimo. Na .cd nayo imo, jambo ambalo mfanyabiashara wa Lubumbashi anapaswa kulijua. Kwake yeye herufi za nchi hazitoshi kumtambulisha. Aweke anwani ya mtaa, namba ya +243 na bei za faranga kwenye kila ukurasa. Kinyume chake, biashara ya Arusha iliyonunua .co.ke kwa sababu ilikuwa kwenye punguzo imejitangaza kuwa ya Kenya.

Anayeuza pande zote mbili za Namanga ana njia mbili. Moja ni kuwa na .co.tz na .co.ke, kila moja na bei zake na namba zake za simu. Hiyo inafaa kama una ofisi na hesabu kila upande, kwa sababu ni tovuti mbili za kutunza, na moja ikisahauliwa bei za mwaka jana zitaendelea kuonekana. Njia ya pili ni .com moja yenye sehemu mbili, /tz/ na /ke/, na alama ya hreflang inayosema ukurasa huu ni wa nani. Hapo mafundi hukosea kila mara. Alama huanza na lugha, ndipo nchi: sw-TZ, sw-KE. Wanaoandika «tz» peke yake wametaja lugha isiyokuwepo, na alama hupuuzwa bila kelele. Tena kila ukurasa lazima uutaje mwenzake na mwenzake uutaje huo. Ukitaja upande mmoja tu, Google haiufuati.

Kampuni za safari ni suala jingine. Mteja wao yuko Berlin au Chicago, na mkono wake umezoea kuandika .com. Kwa hao nakubali .com iwe mbele. Hata hivyo wasiache .co.tz mikononi mwa wengine, kwa sababu tapeli anayetaka kujifanya wewe ataona .co.tz inaaminika kuliko chochote kile kwa mgeni anayejua unafanya kazi Tanzania. Mgeni akipokea barua yenye jina lako, nembo yako, na maelezo mapya ya akaunti ya benki, na anwani inaishia .co.tz, atalipa. Ujanja mwingine wa kuangaliwa ni herufi zinazofanana: «rn» zikibanana husomeka «m», na «l» ndogo hufanana na «I» kubwa.

Ndugu zetu walioko ughaibuni wanaosafirisha mizigo na magari kuja Mombasa na Dar es Salaam nao wajue kwamba si kila nchi inauza herufi zake kwa yeyote. .ca inahitaji uwe na uhusiano na Canada unaotambuliwa, kwa mfano uraia, ukaazi wa kudumu au kampuni iliyosajiliwa huko. .us nayo inataka uhusiano na Marekani. Kudanganya wakati wa kujaza fomu kunapita siku hiyo, ila kunaweza kukugharimu jina siku rajisi itakapoomba uthibitisho.

Sasa gharama. Bei ya .co.tz kwa mwaka ni makumi machache ya maelfu ya shilingi, unalipa kwa simu, na kama msajili wako yuko Bara uliza kama VAT imo au inaongezwa mwishoni. .com bei yake ya jumla kwa wasajili ilipanda hadi dola 10.26 Septemba 2024, kwa hiyo anayekuuzia kwa dola moja au mbili anakupa chambo cha mwaka wa kwanza. Angalia bei ya kuhuisha, siyo ya kununua. .com pia inafuata dola: shilingi ikiteleza, ada yako inapanda bila msajili kubadilisha chochote, na kadi ya benki iliyoisha muda ni sababu tosha ya jina kupotea. .ai huuzwa kwa miaka miwili kwa mpigo na ni ghali mara kadhaa ya .com. Kwa duka la kawaida la hapa sioni hesabu hiyo inavyokubali.

Nimesema yote hayo, lakini nikilazimika kuchagua jambo moja la kusisitiza, siyo mwisho wa jina. Ni nani aliyeandikwa kwenye daftari. Fungua ukurasa wa kutafuta wa rajisi, unaoitwa WHOIS, andika jina lako kamili pamoja na .co.tz, kisha soma majibu mstari kwa mstari. Kuna «registrant», huyo ndiye mwenye jina. Kuna anayeitwa «admin-c», msimamizi. Kuna «registrar», msajili aliyeuza. Kuna «registered» na «expire», tarehe ya kuandikishwa na ya kwisha. Usiishie kwenye mstari wa «registrant», kwa sababu mara nyingi pale huonekana msimbo tu wa herufi na tarakimu. Shuka chini hadi sehemu inayoanza na msimbo huohuo, ndipo utakapokuta jina la mtu au kampuni iliyo nyuma yake. Likiwa jina la kampuni yako kama lilivyo kwa wakala wa usajili wa kampuni, BRELA kwa Bara au BPRA kwa walioko Zanzibar, uko salama. Likiwa jina la fundi au la kampuni yake, basi tovuti, barua pepe na kila bango ulilolipia vimesimama juu ya mali ya mtu mwingine. Stakabadhi ya kwamba ulimlipa haibadilishi kilichoandikwa.

Mara nyingi fundi hana nia mbaya. Ana akaunti moja kwa msajili, amewaweka humo wateja wake wote, na fomu inajijaza yenyewe kwa maelezo yake. Matatizo huanza akihama mji, akigombana nawe kuhusu malipo, akifariki, au akiacha kazi hiyo akaenda kulima. Rekebisha mkiwa bado mnaelewana. Mwombe abadilishe jina la mwenye kikoa liwe la kampuni, kwa barua yenye mhuri na nakala ya cheti cha usajili ikihitajika. Fungua akaunti yako mwenyewe kwa msajili. Kisha jina lihamishiwe humo kwa neno la siri la uhamisho. Fundi anaweza kubaki kama mtu wa masuala ya kiufundi. Hapo anafanya kazi yake yote bila kushika hati.

Kisha kuna barua pepe ya mwenye jina, kosa dogo linalofunga watu nje. Fundi huandika info@jinalako.co.tz kama mawasiliano ya mwenye jina. Ikifika siku jina limeisha muda, barua za anwani hiyo haziingii tena, na kumbe ndiko ujumbe wa kuhuisha na kiungo cha kubadili neno la siri vinakotumwa. Umejifungia nje na ufunguo uko ndani. Weka anwani iliyo nje ya kikoa hicho, inayosomwa na watu wawili katika kampuni, siyo ya karani wa mkataba wa miezi sita. Na namba ya simu iliyoandikwa iwe laini ya kampuni.

Jina likiisha, tovuti huzimika na barua pepe hukatika, mara nyingi kwa pamoja. Kwa .com, baada ya msajili kulifuta kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, kisha siku 5 za kungoja, halafu linakuwa la atakayewahi. Wapo wanaokaa na kompyuta zikisubiri majina yenye wageni wengi. .tz ina ratiba yake, usiipime kwa ya .com. Lililo rahisi ni kulipia miaka miwili au mitatu mbele na kuandika tarehe kwenye kalenda ya mhasibu pamoja na ya leseni na ya bima.

Kuhusu jina lenyewe, kabla ya nukta. Kikoa hupokea herufi, tarakimu na kistari, si zaidi ya alama 63, na kistari hakiwezi kuanza wala kumaliza. Alama ya ritifaa katika «ng'» haipiti: Ng'ombe inakuwa ngombe, na ndivyo utakavyolazimika kuitaja redioni. Tarakimu huleta ubishi, maana msikilizaji hajui kama ni 2 au «mbili». Kipimo kizuri ni simu: mtajie mtu jina mara moja, aliandike, akusomee alichoandika. Akikosea, wateja nao watakosea.

Wengi pia hudhani kwamba jina likiwa limesajiliwa BRELA basi na kikoa ni chao. Hapana. Hayo ni madaftari mawili yasiyozungumza. Anayewahi kwenye kikoa anapewa. Kinachokupa nguvu ya kudai ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Kwa .com kuna utaratibu wa kuamua migogoro ya majina, UDRP, wa tangu 1999, ambapo lazima uthibitishe mambo matatu yote: kwamba jina linafanana na alama yako kiasi cha kuchanganya, kwamba aliyelichukua hana haki halali nalo, na kwamba alilisajili na analitumia kwa nia mbaya. Ada ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, kwa shauri la jina moja hadi matano mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500, bila kuhesabu wakili. Linganisha na ada ya mwaka ya kulinunua siku ile unapokwenda kusajili kampuni.

Walioanza na .com na sasa wanataka .co.tz iwe mbele, wasifanye kwa pupa. Siku mbili kabla ya kuhama, shusha TTL ya rekodi za DNS (mfumo unaoonyesha jina lako liko kwenye kompyuta ipi), yaani muda ambao kompyuta nyingine hukumbuka anwani yako, kutoka sekunde 86,400 zilizozoeleka hadi 300. Elekeza kila ukurasa wa zamani kwa mwenzake mpya kwa alama ya 301, ya kuhama kabisa. Kuwapeleka wote ukurasa wa mwanzo ni kumwambia mteja aliyetafuta pampu ya inchi mbili aanze upya mlangoni, na Google huhesabu kurasa hizo kama zimepotea. Tumia chombo cha kubadilisha anwani kwenye Search Console ya Google. Barua pepe za anwani zote mbili ziendelee kupokelewa. Weka SPF na DKIM za kikoa kipya, yaani rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, kabla ya kutuma ankara ya kwanza, kwa sababu tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinamtaka kila mtumaji awe na angalau moja ya hizo, la sivyo barua zako zitaishia kwenye taka au kukataliwa. SPF iwe rekodi moja tu. Fundi akiongeza ya pili badala ya kuhariri ya kwanza, zote mbili huharibika. Na jina la zamani usiliache. Maelekezo yabaki kwa mwaka mmoja angalau, na mimi ningelilipia miaka yote biashara itakayokuwepo, kwani ankara za zamani na kadi zilizoko kwenye pochi za wateja bado zinalitaja.

Nina maombi kwa wahusika. BRELA na BPRA wanapoonyesha kwamba jina la kampuni linapatikana, waonyeshe palepale kama .co.tz yake iko wazi. Daftari lipo na linasomeka kwa kompyuta. Wasajili na mawakala waandike kwenye kila stakabadhi jina la mwenye kikoa kama lilivyo kwenye rajisi pamoja na tarehe ya kwisha, badala ya kuandika «huduma ya tovuti» na kiasi. Na dawati la matangazo la gazeti lako, Mhariri, likipokea tangazo la zabuni au la ajira kutoka kampuni yenye anwani ya .co.tz lakini maombi yatumwe kwenye anwani ya Gmail, lipige simu namba iliyoko kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kulichapa.

Mhandisi wa mitandao,
Kijitonyama, Dar es Salaam